Hati Isiyosomeka: Programu za Kusimamia Nyaraka Mbele ya Sheria za Ufikivu

Katika makala hii tunakusudia kuhakiki kitu ambacho si riwaya wala diwani. Tunahakiki programu za kompyuta ambazo ofisi, vyuo na hospitali huzitumia kupokea, kupanga, kutafuta na kuhifadhi nyaraka, pamoja na madai ya wauzaji wake kwamba zinatii sheria za ufikivu. Huenda msomaji akauliza mambo haya yanaihusu vipi idara ya Kiswahili. Jibu letu ni kwamba yanatuhusu sana, kwa sababu sehemu kubwa ya kasoro tutakazozionyesha ni kasoro za lugha. Mafundi hawazioni kwa kuwa hawakuajiriwa kuziona. Mfano wetu ni eneo la West Nile, hasa Arua na Koboko, ambako Kiswahili kina historia ndefu ya kusikika na historia fupi ya kuandikwa.

Tuanze na neno lenyewe. "Ufikivu" limeundwa kutokana na kitenzi fika kwa kiambishi kilekile kinachotupatia usikivu, uvumilivu na uelekevu. Hapa pana jambo la kutafakari. Msikivu ni yule asikiaye, si sauti isikikayo. Mvumilivu ni yule avumiliaye, si taabu inayovumilika. Mara nyingi kiambishi hiki kikitokana na kitenzi cha namna hii humtaja mtenda na tabia yake. Tukifuata kanuni hiyo, "ufikivu" ungekuwa sifa ya mtu anayejua kufika. Asiyefika, basi, ana upungufu wake mwenyewe! "Ufikikaji", lililotokana na fikika, lingeuweka wajibu mahali pake, yaani kwenye mlango, ukurasa au hati. Hatuna nia ya kulifukuza neno lililokwisha kuzoeleka, na katika makala hii tutaendelea kulitumia. Hata hivyo, ni vyema wanafunzi wetu wa mofolojia walione lilivyoelemea upande mmoja.

Lipo na jambo la pili. Fika ni kitenzi cha miguu. Mtu akisikia ufikivu hufikiria mteremko wa saruji uliojengwa kando ya ngazi ili kiti cha magurudumu kipite. Mteremko huo ni muhimu, na pale ulipo tunaushukuru. Lakini mtu asiyeona anaweza kuupanda mpaka mezani kwa karani, akapewa barua iliyopigwa picha na kutunzwa ndani ya kompyuta, na barua hiyo isimwambie neno hata moja.

Upande wa sheria hatuwezi kusema Uganda ilikaa kimya. Katiba ya 1995, kifungu cha 35, inatambua haki ya watu wenye ulemavu kuheshimiwa utu wao. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2006 ilizungumzia upatikanaji wa habari waziwazi: ilitaja lugha ya alama katika taasisi za umma, maandishi ya nukta nundu kwa nyaraka za Serikali, na mkalimani au maandishi ya chini ya skrini katika angalau taarifa moja kuu ya habari ya televisheni kila siku. Tarehe 25 Septemba 2008 Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu. Kifungu cha 9 cha mkataba huo kinadai teknolojia ya habari na mawasiliano ifanywe fikivu tangu hatua za mwanzo za uundaji, wakati gharama ingali ndogo. Mwaka 2020 sheria mpya ilichukua nafasi ya ile ya 2006. Aidha, mwaka 2018 nchi ilijiunga na Mkataba wa Marrakesh, unaoruhusu vitabu vyenye hakimiliki vinakiliwe kwa namna isomekayo na wasioona. Mwalimu wa fasihi anayemtafutia mwanafunzi wake nakala ya riwaya autazame mkataba huo.

Tatizo ni kwamba nukta nundu za sheria ya 2006 ziliwazia hati ya karatasi. Siku hizi hati huzaliwa ndani ya kompyuta, husafiri ndani ya kompyuta na huzikwa ndani ya kompyuta. Ofisi inaponunua programu ya kusimamia nyaraka, bidhaa hiyo mara nyingi imeundwa mbali, na imejipima kwa sheria za huko ilikoundwa. Marekani ina kifungu cha 508 cha sheria yake ya urekebishaji, kilichotiwa nguvu mwaka 1998, na kanuni zake zikafanywa upya mwaka 2017. Ulaya ina kiwango kiitwacho EN 301 549 na agizo la mwaka 2016 kuhusu tovuti za umma. Kenya, jirani yetu, ilitoa kiwango chake cha kitaifa, KS 2952, mwaka 2022. Nyuma ya sheria hizi karibu zote umo mwongozo mmoja wa shirika la W3C, ujulikanao kwa herufi WCAG, ambao toleo lake la pili lilitoka Desemba 2008. Kwa hiyo karani wa Koboko anatumia utiifu ulioshonwa kwa mwili wa mtu mwingine, kama nguo za mitumba. Mitumba si lazima iwe mibaya, ila mnunuzi hana budi kuijaribu kabla ya kulipa.

Hapa ndipo tunapofikia matini tunayotaka kuihakiki hasa. Muuzaji wa programu akiulizwa kama bidhaa yake inatii sheria, hutoa ripoti iliyojazwa katika kiolezo kiitwacho VPAT. Kila sharti la mwongozo lina mstari wake, na mbele yake jibu huchaguliwa kati ya machache: inakidhi, inakidhi kwa sehemu, haikidhi, haihusiki. Kisha hufuata nafasi ya maelezo. Ni utanzu wa kuvutia kwa mhakiki, maana ni maandishi ambayo mwandishi wake anajihukumu mwenyewe, mbele ya msomaji ambaye ndiye anayetakiwa kutoa fedha.

Tutazame "inakidhi kwa sehemu". Kiolezo chenyewe kinaeleza kwamba maana yake ni kuwa baadhi ya kazi za bidhaa hazikidhi sharti. Yaani ni kauli ya kukanusha iliyovaa kanzu ya kukubali. Mwanafunzi wa semantiki ataona mara moja kilichofanyika: kasoro imewekwa nyuma na sifa imetangulizwa. Mtu akikuambia kwamba daraja la mto limekamilika kwa sehemu, utauliza ni sehemu ipi iliyobaki kabla hujakanyaga. Ripoti nyingi hazimshawishi msomaji kuuliza hivyo. Anayesoma kwa haraka huhesabu mistari yenye neno "inakidhi", na kwa kuwa neno hilo limo katika majibu yote mawili, hesabu hupanda.

Linalotukera zaidi ni "haihusiki". Mwongozo wa W3C una ndugu yake, ATAG, uliotolewa mwaka 2000 na kufanywa upya mwaka 2015, unaohusu vyombo vya kuandikia. Huo una sehemu mbili. Ya kwanza inataka chombo chenyewe kitumike na mtu mwenye ulemavu. Ya pili inataka chombo kimsaidie mwandishi yeyote kutoa maandishi yasomekayo na watu wote: kimkumbushe kueleza picha, kihifadhi vichwa vya sehemu, kisifute alama alizoweka. Sheria za Marekani na kiwango cha Ulaya zimechukua mafundisho haya kwa vyombo vya uandishi. Lakini ni rahisi kwa muuzaji wa programu ya nyaraka kujitetea kwamba bidhaa yake haiandiki chochote. Inapokea tu. Inatunza tu. Basi "haihusiki". Kwa neno hilo moja wajibu wote wa yaliyomo hurudi kwa mtu aliyepakia hati, naye hakuwahi kuambiwa kwamba ana wajibu wowote.

Matokeo yake ni kabati zuri lenye mafaili yaliyofungwa kwa gundi. Vitufe vyote vya programu vinasomwa kwa sauti: "fungua", "tafuta", "tuma". Msomaji asiyeona anafika bila taabu mpaka kwenye hati, anaifungua, na programu yake ya kusoma skrini inamjibu kwamba ukurasa ni mtupu. Hati ni picha. Ilichapwa kwenye kompyuta, ikatolewa kwenye karatasi, ikapigwa muhuri na kutiwa saini, kisha ikaskaniwa na kurudishwa kwenye kompyuta kama picha ya karatasi. Safari hii ya kwenda na kurudi tunaifahamu sote, na chanzo chake ni heshima kwa muhuri. Ukurasa wa A4 ulioskaniwa kwa nukta 300 kwa kila inchi una vijisehemu vya picha milioni 8 na zaidi. Maneno yaliyokuwamo, yangebaki maneno, yasingezidi sana kilobaiti 3. Hata anayeona analipia upotevu huo katika gharama ya intaneti.

Msomaji anaweza kujaribu mwenyewe. Fungua hati na ujaribu kuchagua neno moja kwa kipanya. Neno likikubali kushikwa peke yake, maandishi yamo. Ukurasa mzima ukigeuka buluu kama kipande kimoja cha kitambaa, hakuna maandishi, kuna picha ya maandishi.

Hata kiwango cha kuhifadhi nyaraka kwa miaka mingi, PDF/A cha mwaka 2005, kina mwanya uleule. Kina daraja b, linalohakikisha sura ya ukurasa tu, na daraja a, linalodai pia muundo wa hati na lugha yake. Programu inaweza kujivunia PDF/A na kuwa inatimiza b peke yake. Hati hiyo itadumu karne nzima kwa ajili ya macho.

Sasa tuseme maandishi yamo. Je, yatasomwa kwa lugha gani? Sharti la 3.1.1 la WCAG, la daraja la chini kabisa yaani A, linataka kila ukurasa utaje lugha yake kwa namna ambayo kompyuta itaitambua. Kwa Kiswahili ni herufi mbili tu, sw. Zisipokuwapo, au zikiwa en, programu ya kusoma skrini hutumia sauti ya Kiingereza. Tuchukue sentensi ya kawaida ya tangazo: "Wale waliofika pale jana, pole kwa usumbufu, vile vile kila mzazi aje na kitambulisho chake na cha mtoto wake." Sauti ya Kiingereza haisiti wala haiombi radhi. Katika wale itatamka nyangumi, katika pale mtu aliyekwajuka, katika pole mlingoti, katika vile uovu mara mbili mfululizo, na mwisho itaamuru: amka! Kwa mtunga vichekesho ni neema. Kwa mzazi anayetaka kujua alete nini hospitalini, ni kelele.

Jambo hili lina uzito wa pekee West Nile. Kiswahili kilifika huku kwa masikio. Vijana wengi wa eneo hili waliingia katika jeshi la King's African Rifles, ambako Kiswahili kilikuwa lugha ya amri. Kikaenea kambini, sokoni na barabarani. Idi Amin, ambaye jamaa zake ni Wakakwa wa Koboko, aliwahi kupita jeshi hilohilo, na mwaka 1973 serikali yake ilikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Mpaka leo, katika njia ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba, mtu husikia Kilugbara, Kikakwa, Kinubi, na Kiswahili cha Kongo kinachovuka kutoka Aru na Ariwara. Wapo wazee wasioweza kusoma ukurasa wa Kiswahili lakini wanaoelewa kila neno likitamkwa. Hao, pamoja na wasioona, ndio wanaofaidika na hati inayosemeka. Tukumbuke pia kwamba West Nile ni miongoni mwa maeneo yaliyosumbuliwa na usubi, ule upofu wa mtoni unaoenezwa na inzi weusi wa mito iendayo kasi, na kwamba dawa ya ivermectin iligawiwa huku kwa miaka mingi kuuzuia. Wasioona hawakutajwa katika makala hii kama mfano wa kubuni.

Baada ya 2020 hati za Kiswahili zimeongezeka. Mtaala mpya wa sekondari wa mwaka huo ulikifanya Kiswahili kuwa somo la lazima katika kidato cha kwanza na cha pili nchini Uganda, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kiwe lugha rasmi kwa kufuata agizo la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Walimu wanaandika muhtasari, mazoezi na mitihani, wanapiga picha na kutumiana. Wingi huu ni wa kufurahisha. Lakini tukiujaza ndani ya programu za nyaraka kwa namna ileile, tutakuwa tumejenga maktaba ya Kiswahili iliyoandikwa jalada la nje "Kiingereza".

Na kosa huanza mezani petu. Mwalimu anapochapa Kiswahili na ukurasa ukajaa mistari myekundu, kompyuta inamwambia jambo moja: inadhani anaandika Kiingereza kibovu. Wengi wetu huzima ile mistari. Mistari ikizimwa hati inapendeza, ila bado imebandikwa lebo ya Kiingereza, na ndivyo itakavyotoka. Dawa ni kuchagua maandishi yote na kuweka lugha kuwa Kiswahili. Wanaotumia LibreOffice wana kamusi ya tahajia ya Kiswahili bila malipo. Kazi hiyo ina mizizi katika juhudi za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam zilizotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Upande wa kusikiliza ipo NVDA, programu ya bure iliyoanzishwa Australia mwaka 2006, ambayo huja na sauti ya eSpeak yenye Kiswahili. Sauti hiyo ni kavu kama ya roboti, hilo hatulifichi. Lakini inajua kwamba wale ni wale.

Kuna mengine ambayo fundi hawezi kuyajua. Barua ya Kiswahili inayoandika "9:00 a.m." inaeleweka kwa jicho, maana jicho linaiona kama alama ya Kiingereza na kuigeuza kimyakimya. Sauti ya Kiswahili itatamka tisa, na msikilizaji atakuja saa tisa alasiri kwa mkutano uliokwisha saa nne asubuhi. Tuandike saa tatu asubuhi, kwa maneno. Vifupisho kama k.m., n.k. na S.L.P. navyo husomwa herufi moja moja au kwa mkoromo. Kichwa cha sehemu kilichokolezwa wino tu, bila kuwekwa kama kichwa, hakimsaidii anayeruka kutoka sehemu hadi sehemu kwa sikio. Jedwali la ngeli lililopangwa kwa kubonyeza nafasi nyingi husomeka kama mvua ya mawe: m wa mtu wa ki vi kiti viti. Mwalimu wa sarufi hana wa kumlaumu hapo.

Kwa lugha za jirani hali ni ngumu zaidi. Kilugbara kina msimbo lgg, Kikakwa keo, Kinubi kcn, Kiswahili cha Kongo swc. Yote imo katika orodha ya kimataifa iliyochapishwa mwaka 2007. Katika orodha za kuchagulia za programu nyingi utaikuta sw, lakini ni nadra kuikuta lgg au keo. Tahajia ya Kilugbara hutumia ritifaa kabla ya b, d na y, na programu ya kutambua herufi iliyofunzwa Kiingereza huweza kuichukulia kama doa la wino. Hati ya lugha mbili, Kiingereza juu na Kilugbara chini, inahitaji lebo mbili. Ndilo sharti la 3.1.2. Tungependa kuona vijana wanaosoma kompyuta katika Chuo Kikuu cha Muni, Arua, chuo cha umma kilichoanza kupokea wanafunzi mwaka 2013, wakilichukua jambo hili kama mada ya utafiti. Wao wana mashine na lugha kwa pamoja.

Wapo watakaosema kwamba asiyeona anaweza kusomewa. Ndiyo, na watu wa huku ni wakarimu wa kusoma. Lakini fikirieni ni hati zipi hizo. Ni majibu ya kipimo cha damu. Ni barua ya nidhamu kutoka kwa mkuu wa chuo, au hati ya shamba ambalo ndugu wanaligombania, na huenda mmoja wa ndugu hao ndiye msomaji aliye karibu. Mwanafunzi asiyeona anayengoja rafiki aje amsomee matokeo ya mtihani hujua alama zake akiwa wa pili, baada ya rafiki. Hapa neno sahihi si huruma, ni siri. Sheria imempa mtu huyu haki ya kupata habari. Programu yenye "inakidhi" arobaini imempa habari hiyo kupitia mdomo wa mwingine.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba chuo au halmashauri yoyote itakayonunua programu ya aina hii isiishie kuomba ripoti ya muuzaji. Mwalimu wa Kiswahili aalikwe siku ya majaribio. Apeleke barua moja ya kurasa mbili yenye vichwa, jedwali, tarehe, saa, picha moja, na aya moja ya Kilugbara au Kikakwa. Muuzaji aipakie mbele ya wote. Kisha skrini izimwe, spika iwashwe, na mtu asiyeona aliyezoea kompyuta aombwe kuitafuta barua ile, kuifungua na kutueleza imesema nini. Atakachoshindwa kutueleza kiandikwe katika mkataba wa ununuzi, pamoja na tarehe ya kurekebishwa. Jaribio zima halitazidi nusu saa, na barua ya kurasa mbili tunaweza kuiandaa hapa idarani.